Mzizi, Kuvu na Kiduha: Juu ya Ishara Moja Yenye Wasikilizaji Wawili

Miongoni mwa magugu yanayosumbua mashamba ya nafaka barani Afrika, ni machache yenye sifa mbaya kama lile ambalo wakulima wa Tanzania huliita kiduha, na ambalo mahali pengine limepewa jina la gugu chawi. Wataalamu wa mimea huliita Striga. Maua yake ni mazuri: ya rangi ya waridi au zambarau katika aina iitwayo Striga hermonthica, na mara nyingi mekundu katika Striga asiatica, ambayo imeonekana pia nchini Kongo. Jina la uchawi halikutolewa bure. Mtama au mahindi huanza kunyauka na kugeuka manjano kana kwamba mvua imekatika, ilhali udongo una maji. Majuma kadhaa baadaye ndipo gugu lenyewe hutokeza juu ya ardhi. Linapoonekana, madhara mengi yamekwisha kutendeka, kwa maana mizizi yake imejichomeka ndani ya mizizi ya nafaka na kunyonya maji na chakula chake. Kuling'oa wakati huo huokoa kidogo sana katika msimu ule. Faida yake ni kupunguza mbegu za miaka ijayo.

Mbegu hizo ndizo kiini cha tatizo. Ni ndogo kama vumbi, urefu wake ni karibu theluthi moja ya milimita, na mmea mmoja huweza kuzaa makumi ya maelfu yake. Huweza kulala udongoni zaidi ya miaka 10 bila kufa. Akiba ya chakula iliyomo ndani ya mbegu ndogo namna hiyo hutosha kwa siku chache tu. Ikiota mahali pasipo na mzizi wa nafaka karibu, itakufa. Kwa hiyo haioti ovyo. Hungoja maji na joto, kisha hungoja kitu cha tatu, yaani dalili ya kwamba mzizi ulio hai umefika milimita chache kutoka pale ilipo. Dalili hiyo ni nini, na kwa nini mmea unaitoa?

Sehemu ya kwanza ya swali ilijibiwa mapema. Mwaka 1966 wachunguzi wa Marekani walitangaza kwamba wamepata, katika majimaji yatokayo kwenye mizizi ya pamba, dutu inayoamsha mbegu za Striga, wakaiita strigoli. Kiasi kilichohitajiwa kilikuwa kidogo mno. Baadaye dutu nyingine za jamaa hiyo zilipatikana katika mtama, mahindi na mimea mingine mingi, zikapewa jina la pamoja la strigolaktoni. Sehemu ya pili ilibaki kuwa fumbo. Pamba yenyewe haidhuriwi na Striga, lakini huitoa dutu hiyo. Mtama hudhuriwa vibaya, nao huitoa vilevile. Kama kazi ya strigolaktoni ingekuwa kumwita adui tu, ingetazamiwa kwamba mimea yenye tabia hiyo ingekwisha kutoweka zamani, na ile iliyonyamaza ndiyo ingebaki. Kumbe karibu mimea yote huitoa.

Jibu lilikuja mwaka 2005, miaka 39 baadaye, tena kutoka upande ambao wachunguzi wa magugu hawakuwa wakiutazama. Kohki Akiyama na wenzake, huko Osaka nchini Japani, hawakuwa wakitafuta dawa ya Striga. Walikuwa wakichunguza kuvu.

Hapa yafaa kusimama kidogo juu ya neno lenyewe. Katika Kiswahili cha kila siku, kuvu ni kile kinachoharibu mkate na nguo zilizofungiwa zikiwa na unyevu. Uyoga unaoliwa una jina lake, wala watu wengi hawauhesabu kuwa jamaa ya kuvu. Lugha imehifadhi neno hilo kwa ajili ya uharibifu, na mwalimu anayetaka kueleza kuvu zenye manufaa huanza kazi yake akiwa na mzigo kichwani. Hata hivyo, zaidi ya theluthi mbili ya aina za mimea ya nchi kavu huishi kwa ushirikiano na kuvu zilizomo mizizini mwake. Ushirikiano huo huitwa mikoriza, kutokana na maneno mawili ya Kiyunani yenye maana ya kuvu na mzizi. Si jambo jipya duniani: katika mawe ya Rhynie, huko Scotland, yamepatikana mabaki ya mimea ya kale yenye umri wa miaka milioni 400 hivi, na ndani ya chembe zake mna kuvu za namna hiyo, katika umbo lile lile linaloonekana leo kwa darubini.

Biashara yao ni hii. Nyuzi za kuvu ni nyembamba kuliko vinyweleo vya mzizi, tena huenda mbali zaidi. Huingia katika nafasi za udongo ambazo mzizi haufiki, na kuleta fosforasi. Mmea nao hulipa kwa sukari. Mwaka 2017 makundi kadhaa ya wachunguzi yalithibitisha kwamba hulipa pia kwa mafuta, kwa kuwa kuvu hizo hazina uwezo wa kujitengenezea mafuta ya msingi. Maana yake ni kwamba bila mmea hazina maisha. Mbegu ya kuvu ikichipua udongoni hutoa uzi mmoja unaotambaa kidogo, na usipokutana na mzizi hukoma. Ilijulikana tangu zamani kwamba uzi huo ukikaribia mzizi hubadili mwendo ghafla na kutoa matawi mengi, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa gizani. Kitu kilichoita ndicho Akiyama alichokitenga, na kilipopimwa kikaonekana kuwa ni strigolaktoni.

Basi fumbo likafumbuka. Mzizi haumwiti kiduha. Unamwita mshirika wake wa tangu kale, na kiduha, aliyekuja baadaye sana, amejifunza kusikiliza mlangoni. Kutumia maneno kama kuita na kusikiliza ni sitiari tu, maana mzizi hauna nia wala kinywa. Lakini sitiari hii haipotoshi sana. Mwaka 2008 wachunguzi wa Ufaransa na wa Japani, kila kundi kwa njia yake, walionyesha pia kwamba strigolaktoni ni homoni ndani ya mmea wenyewe: huzuia matawi yasizidi. Mmea uliokosa dutu hiyo kabisa huwa kichaka kifupi chenye matawi kila upande. Kwa hiyo mkulima anayefikiri kwamba dawa ni kuzalisha mtama usiotoa strigolaktoni hata kidogo, angepata mtama usio na kiduha, lakini pia wenye umbo baya na mshirika hafifu.

Lipo jambo jingine, ambalo kwa nchi zenye udongo uliochoka ni zito kuliko yote. Mmea haupigi kelele sawasawa kila mahali. Unapokosa fosforasi huongeza sana kutoa strigolaktoni, na mtama hufanya hivyo pia unapokosa naitrojeni, unaposhiba hupunguza. Hilo lina mantiki, kwani mwenye njaa ndiye anayemhitaji mletaji wa chakula. Lakini matokeo yake shambani ni ya kusikitisha. Udongo mwekundu wa nchi za joto, ukiwemo ule wa sehemu kubwa za Katanga, una chuma na alumini nyingi zinazoishika fosforasi hata ikawa haipatikani kwa mmea. Shamba lililolimwa mfululizo bila samadi wala mbolea huita kwa sauti kubwa kuliko jirani yake aliyenunua mbolea, na mbegu za kiduha zilizolala humo huamka kwa wingi zaidi. Ndiyo sababu imeonekana tangu zamani kwamba gugu hili huwaandama maskini. Si laana, wala si uvivu wa mkulima, kama ilivyodhaniwa mara nyingine na mabwana shamba wenye haraka. Ni kemia ya njaa ya mmea. Kwa watu ambao bukari ndiyo chakula chao cha kila siku, tofauti kati ya maelezo hayo mawili si ndogo.

Mwaka 2015 sikio la kiduha nalo lilichunguzwa. Mimea mingi ina protini, iitwayo KAI2, ambayo huziwezesha mbegu kutambua dutu zilizomo katika moshi wa moto wa pori, ili ziote wakati nchi imekwisha kuwa wazi. Striga hermonthica ina jeni 11 za ukoo huo, na baadhi yake zimegeuka: hazitambui moshi tena, bali strigolaktoni. Moja kati ya vipokezi hivyo, ShHTL7, ni kikali kupita kiasi. Mashine ya kungojea moto imefanywa kuwa mashine ya kungojea mtama!

Kutokana na maarifa hayo njia mbili zimefunguka. Ya kwanza ni kumdanganya adui: kuamsha mbegu wakati shamba halina nafaka, zife kwa njaa. Wazo lenyewe ni la zamani. Striga asiatica ilipogunduliwa mwaka 1956 katika mashamba ya mahindi ya Carolina, Marekani, serikali ya huko ilipambana nayo kwa miaka mingi, na mojawapo ya silaha zake ilikuwa kupiga gesi ya ethileni udongoni, gesi ambayo nayo huamsha mbegu hizo. Eneo lililoambukizwa likapungua sana. Ila kazi hiyo ilihitaji mitambo na fedha ambazo mwenye nusu hekta hawezi hata kuziota. Mwaka 2018 wachunguzi wa Nagoya, Japani, walitangaza dutu waliyoiita SPL7, ambayo hukishika kile kipokezi kikali na kuamsha mbegu kwa kiasi kidogo mno, bila kuwa homoni kwa mmea wa nafaka. Katika vyungu vya majaribio iliyaokoa mahindi. Chungu, bila shaka, si shamba.

Njia ya pili ni kubadili neno bila kunyamaza. Gebisa Ejeta, mtaalamu wa asili ya Ethiopia afundishaye katika Chuo Kikuu cha Purdue, alizalisha mitama yenye kustahimili Striga, na mwaka 2009 alipewa Tuzo ya Chakula Duniani. Sababu ya ustahimilivu wa baadhi ya mitama hiyo ilielezwa katika kiwango cha jeni mwaka 2017: jeni moja, LGS1, ikipotea, mzizi huacha kutoa kwa wingi strigolaktoni inayoamsha kiduha upesi, na badala yake hutoa orobankoli, jamaa yake wa karibu sana. Kuvu huitikia orobankoli. Kiduha huitikia kwa unyonge. Tofauti kati ya molekuli hizo mbili ni ndogo, lakini kwa msikilizaji mwizi ni kama lafudhi ya ugenini.

Kilichoongezwa mwaka 2020 kinastahili kukumbukwa. Uchunguzi wa mitama ya kienyeji ya Afrika ulionyesha kwamba upungufu huo wa jeni haukubuniwa maabarani. Umetokea zaidi ya mara moja, nao unapatikana hasa katika sehemu zenye Striga. Wakulima waliohifadhi mbegu za masuke yaliyosalimika, kizazi baada ya kizazi, walikuwa wakichagua lafudhi hiyo pasipo kuijua. Lakini haijaenea kila mahali, na hilo linadokeza kwamba mmea hulipa gharama fulani kwa kubadili neno lake. Mwaka 2023 ikaja habari ya mahindi: aina fulani hutoa mchanganyiko mwingine wa strigolaktoni, nayo huamsha kiduha kidogo zaidi. Mahindi yalifika Afrika baada ya Wareno kuvuka Atlantiki, hayakukua pamoja na kiduha kama mtama, na kwa hiyo habari hiyo ina uzito wake. Ila kati ya jeni iliyotambuliwa na gunia la mbegu sokoni pana miaka mingi ya kazi.

Wakati huo huo, wapo ambao hawakungoja jeni. Huko Mbita, kando ya Ziwa Victoria nchini Kenya, wataalamu wa taasisi ya ICIPE waligundua kwamba desmodiamu, jamii ya kunde ipandwayo kati ya mistari ya mahindi kwa ajili ya malisho, hutoa mizizini dutu zinazoamsha kiduha na nyingine zinazokizuia kushika mzizi wa nafaka. Na huko huko magharibi ya Kenya, Henry Sila Nzioki na wenzake walimtafutia kiduha ugonjwa wake mwenyewe. Ugonjwa huo ni kuvu, Fusarium oxysporum, jina liwatialo hofu wakulima wa migomba; lakini umbo hili maalumu humshambulia Striga peke yake. Mkulima hupewa vijiti vya kuchokolea meno vyenye kuvu hiyo iliyokauka. Hupika wali, huuacha upoe, huchomeka kijiti, na baada ya siku chache wali umejaa nyuzi nyeupe. Matokeo ya mashamba 500, yaliyotangazwa mwaka 2016, yalionyesha mavuno ya mahindi kuongezeka kwa zaidi ya 40%. Wakati wa kupanda, hutiwa katika kila shimo mbegu ya mahindi, na pamoja nayo kidogo cha wali huo wenye kuvu.