Kapsuli za Mgonjwa wa Figo Si za Kugawana

Kuanzia Khunyangu hadi Malaba hatuna upungufu wa jua. Mbona basi mgonjwa wa figo aandikiwe vitamini D, ambayo ngozi hujitengenezea bure? Na mbona asimgawie jirani anayelia na magoti?

Vitamini D itokayo juani bado ni ghafi. Ini huibadilisha kwanza, kisha figo humalizia. Hapo ndipo hupata nguvu ya kuufanya utumbo ufyonze kalsiamu ya chakula. Figo zikiharibiwa na kisukari au shinikizo la damu, hatua hiyo ya mwisho hukwama, hata ukishinda shambani kutwa. Kalsiamu ikipungua damuni, tezi nne ndogo za shingoni huanza kuichota kutoka mifupani. Mifupa huuma na huvunjika upesi.

Kalsitrioli ni vitamini D iliyokwisha kukamilika, haingoji figo. Ndugu yake, alfakalsidoli, huhitaji ini tu. Kapsuli moja ya kalsitrioli mara nyingi ina mikrogramu 0.25. Kapsuli milioni nne ndizo zingefikisha gramu moja ya dawa yenyewe! Usiidharau kwa udogo wake.

Hata wenye figo mbovu si wote wanaoihitaji. Miongozo ya kimataifa ya mwaka 2017 ilishauri kwamba wasiofikia kusafishwa damu kwa mashine wasipewe kwa mazoea tu. Wengine wanaoitumia ni waliopasuliwa rovu na zile tezi nne zikaumia, wakabaki na ganzi midomoni na vidole kukakamaa; pia wenye aina fulani za matege ya kurithi. Mtoto mwenye matege ya kawaida hutibiwa kwa vitamini D ya kawaida na kalsiamu, ikiwemo ya maziwa na omena anayeliwa na mifupa yake. (Mgonjwa wa figo aulize kwanza kuhusu omena, kwani ana fosforasi nyingi.)

Sasa yule jirani. Magoti yake hayatapona, ila kalsiamu yaweza kuzidi damuni: kiu, kukojoa mara kwa mara, kufunga choo, kichefuchefu, hata kuchanganyikiwa. Mawe huweza kuota katika figo zilizokuwa nzima, na figo zenyewe zikaharibika. Ndiyo sababu anayeitumia hupimwa damu mara kwa mara.

Mweleze daktari kama una kifua kikuu, maana ugonjwa huo wenyewe waweza kupandisha kalsiamu. Mtajie pia dawa za kukojoza unazomeza kwa ajili ya shinikizo. Sisi wa mpakani hutibiwa leo Tororo, kesho Busia. Beba paketi zako zote.

Ukiziona dalili nilizotaja, usimeze kapsuli nyingine wala usingoje siku ya miadi. Nenda ukapimwe siku hiyo hiyo. Kalsitrioli ikisimamishwa, kalsiamu kwa kawaida huanza kushuka baada ya siku chache, lakini vitamini D ya kawaida iliyozidi huweza kukaa mwilini wiki nyingi, hata miezi.