Akiba na Mikopo Sapiwi: Kila Kitu Hungoja Pamba

Biashara ya akiba na mikopo Sapiwi, kama ilivyo katika kata nyingi za Wilaya ya Bariadi, haiko mikononi mwa benki. Iko kwenye vikundi vya hisa, kwenye SACCOS (vyama vya ushirika vya akiba na mikopo) na, kwa wenye mifugo, zizini. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliziweka SACCOS daraja la tatu na vikundi daraja la nne.

Sanduku la kikundi huwa na kufuli tatu, na funguo hushikwa na wanachama watatu tofauti. Hisa hugongwa muhuri kwenye daftari mbele ya wote. Mfuko wa jamii, wa misiba na ugonjwa, huhesabiwa kando. Ulinzi huo unatosha. Kinachosumbua ni kalenda. Pamba hupandwa kuanzia Novemba, na ununuzi hufunguliwa karibu na Mei. Wakati wa palizi na dawa kila mtu anataka kukopa. Baada ya mauzo kila mtu ana cha kuweka. AMCOS (chama cha ushirika cha masoko ya mazao) ikichelewa kulipa, marejesho ya wote yanakwama kwa pamoja.

Mnunuzi mmoja wa dengu analalamika kwamba mkopo wa SACCOS hupimwa kwa akiba, kwa kawaida mara tatu yake, na hupitia vikao. Yeye anahitaji fedha za wiki mbili, mzigo ungali shambani. Fomu ikipita, anasema, dengu zimeshakwenda kwa mwenye fedha taslimu kutoka mjini, na bei ameipanga huyo.

Ofisa mmoja wa halmashauri anasifu marejesho ya mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, inayotengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Sifa hizo zipokewe kwa tahadhari: mikopo hiyo ilisitishwa nchi nzima mwaka 2023, baada ya malalamiko ya vikundi hewa na madeni yasiyolipwa, ikarudi 2024 kwa utaratibu mpya.

Wazo la benki ya wananchi husikika mara kwa mara, ila Januari 2018 benki tano ndogo nchini zilifungwa kwa upungufu wa mtaji. Wateja wake walikuwa na bima ya amana, wakati huo hadi shilingi milioni 1.5; akiba ya SACCOS haina kinga hiyo.

Kwa tatizo la kalenda, dengu na mtama huenda vikatawanya marejesho katika miezi tofauti, endapo bei itashika. Mvua zikigoma, hata mazao hayo hayatasaidia sana.