Aksoloti: Amfibia Asiyeacha Utoto

Amfibia wengi huanza maisha majini kama viluwiluwi, wakipumua kwa matamvua, kisha hubadilika umbo na kuhamia nchi kavu. Aksoloti, mmoja wa salamanda, ambao ni amfibia wanaobaki na mkia maisha yao yote, ameikatiza safari hiyo njiani: hupevuka na kutaga mayai akiwa bado na umbo la utotoni, na matamvua yake, jozi tatu zenye nyuzi laini, hubaki yamechanua nyuma ya kichwa hata uzeeni. Sababu iko kwenye tezi ya thairoidi, ambayo homoni zake ndizo zinazouamuru mwili wa amfibia ubadilike, lakini kwa aksoloti hazifikii kiwango cha kutosha. Uwezo wenyewe haujafa, kwa kuwa akipewa homoni hizo maabarani matamvua hunywea na mnyama hutoka majini. Wataalamu wa Paris walilishuhudia badiliko hilo mwaka 1865, pale baadhi ya watoto wa aksoloti sita aliokabidhiwa mtaalamu wa wanyama Auguste Duméril, kati ya 34 waliosafirishwa kutoka Meksiko, walipogeuka mbele ya macho yao bila kutarajiwa.

Yule mweupe wa waridi anayependwa pichani si sura ya kawaida ya ziwani, ambako aksoloti ni wa kahawia iliyokolea, mwenye vidoa vya dhahabu, rangi inayomficha vizuri matopeni. Hapo hujilaza kimya, na mnyoo au samaki mdogo akikaribia, hupanua kinywa ghafla, maji yakaingia kwa nguvu pamoja na windo, likamezwa zima. Wachanga wakisongamana hung'atana hadi kukatana miguu, ajali ambayo kwa wanyama wengi ingekuwa kilema cha kudumu.

Kwa aksoloti si hivyo. Ngozi hulifunika jeraha kwa muda mfupi bila kuacha kovu, kisha seli zilizo karibu na mkato hurudia hali ya uchanga na kukusanyika kuwa kinundu kiitwacho blastema, ambacho hurefuka na kuunda mfupa, misuli, neva na vidole kwa mpangilio uleule wa awali. Mguu uliokatwa kwenye kifundo huota wayo tu, ilhali uliokatwa juu huota wote, maana yake seli hizo zinatambua mahali zilipo, na pengine hilo linastaajabisha kuliko kuota kwenyewe. Mkia, ugwe mgongo, sehemu za moyo na hata za ubongo hujirekebisha vilevile. Jenomu yake, yaani jumla ya maelekezo ya urithi yaliyomo katika seli, ilipochapishwa mwaka 2018 ilikutwa na jozi za herufi zipatazo bilioni 32, takriban mara kumi ya jenomu ya binadamu.

Mwili huo hodari hauna dawa ya kupoteza makao. Kati ya maziwa mawili yaliyokuwa asili yake, Chalco lilikaushwa, na la Xochimilco, kusini mwa Jiji la Mexico, limebaki mifereji inayopokea maji machafu. Humo walipandikizwa samaki aina ya carp wa Asia na sato, samaki yuleyule wa Mto Nile anayejaa masoko ya Afrika Mashariki, ambao hula mayai na watoto wa aksoloti. Mwaka 1998 walihesabiwa wapatao 6,000 katika kilomita moja ya mraba. Mwaka 2014 walikadiriwa kuwa 36 tu katika eneo la ukubwa huohuo. Maelfu wanaofugwa katika matangi ya dunia si faraja kubwa, kwani wengi wao ni uzao wa wazazi wachache.

Wanaoleta tumaini zaidi ni wakulima wa chinampa, mashamba ya kale yaliyojengwa kwa tope na mimea ndani ya ziwa, ambao kwa kushirikiana na watafiti wa chuo kikuu cha UNAM huziba mifereji midogo kwa vichujio vinavyosafisha maji na kuwazuia sato wasipenye. Aksoloti 18 waliozalishwa kifungoni waliachiwa katika maeneo mawili yenye maji yaliyotunzwa, wakifuatiliwa kwa vifaa vya redio. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yalionyesha kuwa walimudu kuishi humo, na waliokamatwa tena walikuwa wameongezeka uzito.