Kwa Nini Stima ya Upepo wa Loiyangalani Haishuki Vijijini

Wadi ya Loiyangalani ina mitambo 365 ya kuzalisha umeme kwa upepo. Kila mmoja una uwezo wa kilowati 850, na yote kwa pamoja inatoa hadi megawati 310. Hakuna kituo kingine cha upepo nchini Kenya kinachokifikia kwa ukubwa. Umeme huo husafiri kwa waya za kilovolti 400 hadi Suswa, Kaunti ya Narok, safari ya zaidi ya kilomita 400. Mwaka 2022 laini nyingine, ya kilovolti 500 kutoka Ethiopia, ilianza kupitisha umeme juu ya ardhi ya Marsabit kuelekea huko huko Suswa.

Hata hivyo, manyatta nyingi zilizo karibu na nguzo hizo bado zinatumia tochi na sola ndogo za mkononi. Mkazi anayeuliza kwa nini hali iko hivyo anauliza swali la haki, na jibu lake lina sehemu mbili: ufundi na sheria.

Tuanze na ufundi. Taa ya nyumbani hutumia volti 240. Waya wa Loiyangalani hubeba volti 400,000, kwa sababu umeme ukisafiri mbali kwa nguvu ndogo mwingi hupotea njiani kama joto. Transfoma ya kijijini haiwezi kufungwa kwenye waya wa aina hiyo. Ni lazima kwanza kijengwe kituo kikubwa cha kushusha nguvu, kisha zivutwe laini za volti 33,000 au 11,000 hadi vijijini, na hapo ndipo transfoma ya nguzoni ifanye kazi yake. Laini ya Ethiopia ni ngumu zaidi. Hubeba umeme wa mkondo mmoja usiobadilika, na huhitaji kituo maalumu cha kuugeuza kila mahali unapoingia au kutoka. Kwa sasa vituo hivyo viko kwenye ncha zake mbili tu.

Kwa hivyo mtambo wa kuzalisha bila laini haumfaidi mtu. Kenya ilijifunza hilo kwa gharama. Mitambo ya Loiyangalani ilikuwa tayari mwaka 2017, lakini laini ya kwenda Suswa ilichelewa baada ya mwanakandarasi wa kwanza kufilisika, na ikakamilika Septemba 2018. Mkataba ulitaka mwekezaji alipwe hata kama umeme haujachukuliwa, na mlipa ushuru akagharamika mabilioni ya shilingi kwa upepo uliovuma bure.

Upepo nao una tabia zake. Ule unaopita kati ya Mlima Kulal na Mlima Nyiru huvuma kwa nguvu zaidi usiku, wakati Wakenya wengi wamelala na mahitaji ya stima yameshuka. Mahitaji hupanda kabisa jioni. Mwaka 2025 kilele chake kilipita megawati 2,300. Usiku wa manane wasimamizi wa gridi hulazimika kuchagua: kupunguza mitambo ya upepo au kuachilia mvuke wa Olkaria hewani. Zaidi ya hayo, chanzo kimoja kikubwa kikikatika ghafla, gridi nzima huyumba. Stima ilipopotea karibu nchi nzima tarehe 25 Agosti 2023, Kenya Power ilisema chanzo ni kupotea kwa umeme wa Loiyangalani, nayo kampuni ya upepo ikasema mitambo yake ilizimika kwa sababu nguvu ya umeme kwenye gridi ilikuwa imepanda kupita kiasi. Vyovyote vile, upepo na jua haviwezi kuongezwa bila kuongeza laini mbadala, betri na vituo vya kudhibiti nguvu.

Sheria ya Kawi ya 2019 ndiyo inayoweka kanuni za mambo haya, na kwa Marsabit ina pengo. Kwa umeme wa mvuke, sheria inataka mrabaha ulipwe na kugawanywa: asilimia 75 kwa Serikali ya Kitaifa, 20 kwa kaunti na 5 kwa jamii ya eneo husika. Mgao huo haugusi upepo. Nakuru yenye Olkaria imetajwa. Kaunti yenye upepo haikutajwa.

Lakini sheria hiyo hiyo inaitaka kila kaunti iandae mpango wake wa kawi, na Katiba imeipa kaunti jukumu la usambazaji wa umeme. Huu ndio mlango ulio wazi kwa wakazi. Mpango ukionyesha wazi mahali penye watu, shule, zahanati na visima vinavyohitaji pampu, huwa msingi wa kuomba kituo cha kushusha nguvu au gridi ndogo ya sola. Marsabit ni miongoni mwa kaunti 14 zilizo kwenye mradi wa KOSAP, unaopeleka sola katika maeneo yaliyo mbali na gridi. Gridi ndogo ikijengwa kwa viwango vinavyostahili, inaweza kuunganishwa na gridi ya taifa baadaye bila nguzo zake kung'olewa.

Mahali ambapo laini ya kawaida tayari ipo, mradi wa Last Mile huunganisha nyumba zilizo ndani ya mita 600 kutoka kwa transfoma. Mwenye duka, hoteli au shule iliyounganishwa, yenye sola isiyozidi megawati moja, anaweza pia kuingia mkataba wa kurudisha umeme wa ziada kwenye gridi. Halipwi pesa taslimu. Chini ya kanuni za 2024, hurejeshewa nusu ya yuniti alizotoa kwenye bili yake.

Wakazi watakaohudhuria vikao vya umma kuhusu mpango wa kawi wanashauriwa kwenda na taarifa kamili: idadi ya boma, umbali hadi transfoma iliyo karibu, na kiasi cha dizeli ambacho pampu ya kisima chao hutumia kwa mwezi.