Minyoo Si Ukoo Mmoja

Mfugaji wa nguruwe wa Mbeya au Iringa anapomchoma mnyama wake sindano ya ivermektini, matokeo huonekana kwa macho. Upele unaoletwa na utitiri hukauka, chawa hufa, na minyoo mviringo ya tumboni hupungua sana. Ni rahisi kuhitimisha kwamba nguruwe huyo sasa hana minyoo. Lakini ikiwa misuli yake ina vifuko vya tegu mchanga, vifuko hivyo vitaendelea kuishi kana kwamba hakuna sindano iliyopigwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliowahusisha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ulionyesha hivyo kwa nguruwe walioambukizwa katika mazingira yao ya kawaida: ivermektini ilimaliza upele na kuiangusha minyoo ya tumboni, ila tegu haikumdhuru. Iliyoua vifuko vya kwenye misuli ni dawa nyingine, oksifendazoli. Inakuwaje basi dawa moja impate utitiri mwenye miguu minane anayeishi kwenye ngozi, impate na mnyoo asiye na mguu hata mmoja ndani ya utumbo, kisha impite tegu, ambaye sisi humhesabu pamoja na mnyoo huyo? Hoja yangu ni kwamba urefu, ulaini na kukosa miguu ni mashahidi dhaifu wa undugu wa wanyama wasio na uti wa mgongo. Shahidi wa kuaminika ni mpango wa mwili, yaani jinsi mwili ulivyojengwa ndani na jinsi unavyokua. Kwa ushahidi huo, mnyoo mviringo ni ndugu wa karibu zaidi wa utitiri, panzi na kaa kuliko alivyo ndugu wa tegu.

Kosa la kuamini umbo la nje ni la zamani, na waliolifanya walikuwa mabingwa. Mswidi Linnaeus, katika toleo la mwaka 1758 la kitabu chake cha uainishaji, aliwagawa wanyama wote wasio na uti wa mgongo katika makundi mawili tu: wadudu na minyoo. Kundi la minyoo likawa stoo ya kila kilichobaki, konokono na viumbe wengi laini wa baharini wakiwemo. Mfaransa Cuvier alipiga hatua kubwa mwanzoni mwa karne ya 19 alipofungua miili na kuipanga kwa muundo wa ndani, hasa wa neva. Hata hivyo naye alimweka nyungunyungu kundi moja na wadudu, kwa sababu wote wawili wana pingili. Wazo hilo lilidumu vitabuni karibu karne mbili, na lilionekana la haki kabisa.

Tuzitazame pingili hizo kwa wanyama wanaopatikana katika Nyanda za Juu Kusini. Nyungunyungu wa kwenye migomba ya Rungwe ana pete nje na kuta ndani, kiasi kwamba kila pingili ni chumba chenye majimaji yake. Ana misuli ya mduara na misuli ya urefu, na kwa kuikaza kwa zamu hujirefusha na kujifupisha ndani ya udongo. Jongoo wa misitu ya Udzungwa, milima yenye aina nyingi za jongoo zisizopatikana kwingine duniani, ana pete za gamba gumu, nyingi zikiwa na jozi mbili za miguu, naye hukua kwa kulivua gamba hilo na kuongeza pete mpya karibu na mkia. Tegu wa nguruwe, anapokomaa ndani ya utumbo wa binadamu, ana mkanda wa pingili wenye urefu wa mita kadhaa. Lakini pingili zake hazina chumba ndani. Hazaliwi nazo, wala haziongezeki mkiani: huchipuka shingoni, nyuma tu ya kichwa, na kila moja ina viungo vya kiume na vya kike, hata ile ya mwisho ikawa mfuko wa mayai unaokatika na kutoka na kinyesi. Tegu hana mdomo wala utumbo. Chakula hupenya kwenye ngozi yake. Huu ni mpango mwingine kabisa, na pingili hapo ni kiwanda cha uzazi tu.

Tegu basi anaondoka kirahisi. Ugumu uko kwa nyungunyungu na jongoo, maana wanafanana si kwa pete tu, bali hata kwa mahali pete mpya zinapoongezwa. Anayetetea kundi la Cuvier ana hoja nzito hapa, na haifai kuipuuza. Jibu lake lilikuja mwaka 1997, wakati watafiti walipolinganisha jeni moja ya ribosomu katika wanyama wengi na kupendekeza ukoo walioupa jina Ekdisozoa, yaani wanyama wanaojivua gamba. Ndani yake wamo wadudu, buibui, utitiri, kaa, jongoo, na pamoja nao minyoo mviringo. Nyungunyungu alitolewa kwa wadudu akapelekwa upande mwingine, kwa konokono na minyoo bapa. Jeni nyingi zilizopimwa tangu hapo zimeuthibitisha mgawanyo huo. Na mtu akirudi kwenye miili akiwa na wazo hilo, huona yaliyokuwa mbele yetu siku zote. Mnyoo mviringo amefunikwa ngozi ngumu isiyo hai, na ili akue huivua mara nne, kama panzi anavyovua gamba lake. Hana misuli ya mduara, ndiyo maana hawezi kujirefusha kama nyungunyungu, hujipindapinda tu. Wala hakuna katika ukoo huo anayeogelea kwa vinyweleo vya seli. Upande wa pili vinyweleo hivyo vimejaa: kiluwiluwi cha mnyoo bapa wa kichocho kinachotoka kwenye yai ndani ya maji ya Ziwa Nyasa, kule Kyela, huvitumia kumtafuta konokono, na watoto wa konokono wengi wa baharini huogelea kwa vinyweleo vivyo hivyo.

Kuhusu pingili, nasema zina uzito mdogo kuliko tulivyodhani. Sisi wenyewe tuna pingili za uti wa mgongo, na hakuna anayetuweka kundi moja na jongoo. Ama pingili zilibuniwa zaidi ya mara moja, ama zilikuwapo kwa babu wa kale na koo nyingi zikazipoteza. Wataalamu bado wanabishana, lakini kwa vyovyote haziwezi kusimama peke yazo kama cheti cha undugu.

Mtu anaweza kunipinga kwa dawa zilezile nilizoanza nazo. Albendazoli huua minyoo mviringo na pia hutibu vifuko vya tegu kwenye ubongo wa binadamu. Je, hiyo si dalili kwamba ni ukoo mmoja? Hapana, na hapa ndipo inabidi kuwa makini. Albendazoli hushika tubulini, protini ya ujenzi wa seli ambayo kila mnyama anayo, kwa hiyo haitenganishi koo. Ivermektini hushika mlango wa kloraidi kwenye neva na misuli, mlango ambao kwa minyoo mviringo, utitiri na wadudu una umbo linaloikubali dawa hiyo. Ndiyo hiyo hiyo iliyogawiwa wananchi wa Tukuyu dhidi ya usubi, ugonjwa wa mnyoo mviringo unaoenezwa na inzi mdogo. Dawa peke yake haithibitishi ukoo. Inakubaliana na ushahidi wa jeni na wa miili. Dawa nyingine, prazikwanteli, nayo inakubaliana. Kimelea cha kichocho ni kidude cha sentimita moja hadi mbili hivi ndani ya mishipa ya damu, dume na jike mbalimbali. Tegu ni mkanda wa mita kadhaa utumboni. Kwa macho hawana linalowaunganisha, lakini wote ni minyoo bapa, na prazikwanteli huwaua wote wawili. Minyoo mviringo haiuawi nayo.

Wengine watasema mkulima hahitaji kujua koo za wanyama. Kwake kiumbe ni cha kudhuru au cha kufaa, basi. Naheshimu uainishaji huo, kwa sababu umelisha watu vizazi vingi. Kasoro yake ni kwamba hauwezi kutabiri. Unajua lililokwisha kudhuru, ila haukuambii dawa ipi itafanya kazi kwa kiumbe usichowahi kukitibu. Uainishaji wa mpango wa mwili hutabiri, na pale unapokosea hurekebishwa kwa ushahidi, kama ulivyorekebishwa mwaka 1997. Kubadilika huko ndiko kunakoupa heshima.

Utabiri huo si jambo dogo kwetu. Utafiti mwingine wa mwaka 2013, uliofanyika wilaya za Mbozi na Mbeya Vijijini, ulikuta karibu theluthi moja ya nguruwe waliopimwa damu wana dalili za tegu, huku ukaguzi wa ulimi kwa macho na vidole ukiwabaini wachache zaidi. Binadamu anayekula nyama ya nguruwe isiyoiva vizuri huweza kupata tegu wa utumboni. Anayemeza mayai ya tegu kupitia mikono michafu, maji au mboga huweza kupata vifuko kwenye ubongo, na vifuko hivyo ni chanzo kikubwa cha kifafa mahali nguruwe wanapozurura. Kwa hiyo, mfugaji, usiridhike na sindano ya upele. Muulize daktari wa mifugo kuhusu oksifendazoli, ambayo kwa tegu hutolewa miligramu 30 kwa kila kilo ya uzito wa nguruwe, na usimchinje mnyama kabla ya muda atakaokuambia. Mfungie nguruwe bandani, na hakikisha kila nyumba ya jirani ina choo kinachotumika.