Rupia ya Afrika ya Mashariki ya Kijerumani

Rupia ya Afrika ya Mashariki ya Kijerumani ilikuwa sarafu ya fedha ya koloni la Ujerumani lililojumlisha Tanzania bara, Rwanda na Burundi za leo. Ilitengenezwa kuanzia mwaka 1890 hadi 1914. Leo inatafutwa na wakusanyaji wa sarafu. Kwa wakazi wa Ifakara na bonde la Kilombero ilikuwa hasa sarafu ya kodi.

Historia

Kabla ya Wajerumani, watu wa pwani walitumia riale ya Maria Theresa na rupia ya Uhindi. Mwaka 1890 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki ilianza kutoa rupia yake yenye uzito uleule wa rupia ya Uhindi, yaani gramu 11.66, na zaidi ya sehemu 9 kati ya 10 zilikuwa fedha safi. Rupia moja ilikuwa na pesa 64. Zilikuwepo pia robo rupia, nusu rupia na rupia mbili.

Mwaka 1904 serikali ya koloni ilianza kutoa sarafu zake yenyewe, na rupia ikagawanywa kwa heller 100. Kutokana na jina hilo Kiswahili kilipata neno "hela".

Alama zake

Upande wa mbele unaonyesha Kaisari Wilhelm II akiwa amevaa kofia ya chuma yenye sanamu ya tai. Maandishi yake ni ya Kilatini: GUILELMUS II IMPERATOR.

Desturi hiyo ina asili katika Roma ya Kale. Mwaka 44 KK Julius Caesar alikuwa Mroma wa kwanza kuonyeshwa akiwa hai kwenye dinari za fedha za mji wa Roma. Watawala waliomfuata waliendelea hivyo, kwa sababu sarafu ilifikisha sura na cheo cha mtawala hadi mahali ambapo yeye mwenyewe hakufika. "Imperator" kilikuwa cheo cha Kiroma, tai alikuwa alama ya majeshi ya Roma, na neno "Kaisari" limetokana na jina la Caesar. Wasomaji wa Injili wanakumbuka kwamba Yesu alipoulizwa kuhusu kodi aliomba aonyeshwe dinari, akauliza sura iliyomo ni ya nani.

Upande wa nyuma wa sarafu za kampuni una ngao yenye simba na mti wa jamii ya mnazi. Kuanzia mwaka 1904 ngao hiyo iliondolewa. Badala yake kuna jina la koloni, thamani na mwaka, pamoja na matawi ya mtende.

Kodi na Vita vya Majimaji

Kodi ya nyumba ilianza mwaka 1898, na vijijini ilikuwa kwa kawaida rupia 3 kwa nyumba. Mkulima aliyekuwa na mpunga ghalani bado hakuwa na rupia: ilimlazimu auze mazao au atafute kazi ya mshahara. Kodi, pamoja na kulazimishwa kulima pamba, ilikuwa kati ya sababu za Vita vya Majimaji (1905-1907). Mnamo Agosti 1905 kikosi kidogo cha Wajerumani kilichokuwa Ifakara kiliangamizwa. Tarehe 30 Agosti Wapogoro na Wambunga walishambulia boma la Mahenge, lakini walirudishwa nyuma kwa bunduki za mashine.

Ukusanyaji

Sarafu za serikali huwa na herufi ndogo ya mahali zilipotengenezwa: A ni Berlin, J ni Hamburg. Mkusanyaji hupima uzito na kipenyo (takriban milimita 30), na kuangalia kama sarafu inavutwa na sumaku. Fedha halisi haivutwi. Sarafu iliyotobolewa ili ivaliwe kama pambo hupungua bei, ingawa tundu hilo nalo ni sehemu ya historia yake. Kuisugua kwa mchanga au majivu huharibu sura yake.

Nchini Tanzania, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Kwa hiyo sarafu za Kilwa zimo ndani ya ulinzi huo, tofauti na rupia ya Kijerumani.

Mwisho wake

Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walitengeneza Tabora sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo. Chini ya Waingereza, rupia iliondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na shilingi ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1921.