Unapokea posho ya ulemavu Uingereza: ukianza kujitolea au kufanya kazi, watakukata?

Kila tunapowafungulia simu wasikilizaji wetu walioko Uingereza, kuna swali linalokuja kwa sauti ya chini. Mara nyingi huja kwa ujumbe tu, kwa sababu mwenyewe hataki kusikika hewani. Analipwa posho ya ulemavu au ya ugonjwa, na msikitini, kanisani au kwenye duka la hisani linalouza nguo za mitumba wamemwomba awasaidie siku moja mbili kwa wiki. Je, akikubali, ataitwa kukaguliwa upya? Posho itakatwa?

Wengi wamekwisha kujijibu wenyewe. Kuna wanaoamua kubaki nyumbani, miaka inakwenda, na upweke unazidi kuliko ugonjwa. Wengine wanakwenda kimya kimya na kuomba wasionekane. Njia zote mbili zina hasara, lakini ya pili ndiyo inayoweza kumfikisha mtu kudaiwa maelfu ya pauni.

Kabla ya kuendelea, mambo mawili. Viwango vya fedha nitakavyotaja ni vya mwaka wa fedha ulioanza Aprili 2025, na hubadilika kila Aprili. Na kama viza yako imeandikwa kwamba huruhusiwi kupokea fedha za umma, basi usiombe posho hizi kwa kusoma makala haya. Zungumza kwanza na mshauri wa uhamiaji anayetambulika kisheria.

Posho si moja

Mkanganyiko mwingi huanzia hapa. Watu husema "nalipwa ulemavu" kana kwamba ni kitu kimoja, kumbe nyumba moja inaweza kuwa inapokea malipo matatu tofauti, kila moja na sheria yake kuhusu kazi.

La kwanza ni PIP, lililoanza mwaka 2013. Hili halijali kama una kazi au huna, wala halijali una shilingi ngapi benki. Mhasibu anayelipwa vizuri anaweza kulipata, na asiye na kazi anaweza kunyimwa. Linachopima ni namna maradhi au ulemavu unavyokuzuia katika shughuli 12: kumi ni za maisha ya kila siku, kama kupika, kuoga, kuvaa, kuzungumza na watu na kusimamia pesa zako, na mbili ni za kwenda huku na huko. Unapewa pointi. Ukifika 8 katika kundi moja unapata kiwango cha kawaida cha kundi hilo, ukifika 12 unapata kiwango cha juu. Huko Scotland, PIP nafasi yake imechukuliwa na Adult Disability Payment, lakini mantiki ni ileile.

La pili ni ESA, na la tatu ni Universal Credit ikiwa na nyongeza ya ugonjwa. Haya mawili ndiyo yanayouliza juu ya kazi moja kwa moja, kupitia tathmini ya uwezo wa kufanya kazi. Ukionekana uwezo wako ni mdogo, hulazimishwi kutafuta kazi. Ukionekana huwezi hata maandalizi ya kazi, unaongezewa fedha.

Yote haya yanaendeshwa na Wizara ya Kazi na Pensheni, DWP kwa kifupi.

Saa na pauni

Kwa ESA, kuna kazi inayoruhusiwa: isiyofika saa 16 kwa wiki, na malipo yasiyozidi pauni 195.50 kwa wiki. Ukibaki ndani ya mipaka hiyo unalipwa ESA yako yote. Lakini lazima uwaarifu, na kuna fomu yake ya kujaza. Ukivuka mpaka hata kidogo, unaweza kupoteza ESA ya wiki hiyo nzima.

Universal Credit haina mpaka wa saa wa namna hiyo. Mtu aliyekwisha kuthibitishwa kwamba uwezo wake wa kazi ni mdogo anaachiwa kiasi fulani cha mshahara bila kuguswa: pauni 411 kwa mwezi kama posho yake inasaidia kodi ya nyumba, na pauni 684 kama haisaidii. Kinachozidi hapo, kila pauni moja inapunguza posho kwa senti 55. Chukua mtu anayesaidiwa kodi na anayepata mshahara wa pauni 600 kwa mwezi. Pauni 411 haziguswi. Zinabaki 189, na posho inapungua kwa karibu pauni 104. Kwa hiyo amebaki na karibu pauni 496 zaidi ya alizokuwa nazo kabla ya kuanza kazi. Nimekutana na watu waliokataa kazi ya saa chache wakiamini watapoteza kila kitu, na hesabu hii hawajawahi kuonyeshwa na mtu.

Wala usifikirie kuficha mshahara. Mwajiri anapolipa, taarifa inakwenda kwa mamlaka ya kodi, na Universal Credit inaiona huko.

Kujitolea kwenyewe hakuna kikomo cha saa, kwa ESA wala kwa Universal Credit, mradi hulipwi chochote zaidi ya gharama zako halisi kama nauli na chakula cha mchana. Tunza risiti. Nawe ndiye unayetakiwa kuwaarifu. Kwa Universal Credit unaandika kwenye shajara yako ya mtandaoni.

Hapa niseme juu ya bahasha. Sisi tuna desturi ya kumpa mtu "ahsante" anapofundisha madrasa, anapopika shughulini, anapokuwa mshereheshaji wa harusi. Kwetu ni heshima tu. Kwa DWP, pesa uliyopewa kwa kazi uliyofanya ni kipato, hata ikiitwa sadaka. Vilevile kusaidia katika mgahawa wa binamu yako hakuhesabiwi kuwa kujitolea. Sheria ya ESA haimtambui mtu kuwa anajitolea ikiwa anamfanyia kazi ndugu yake, na katika biashara ambayo kwa kawaida ingemlipa mfanyakazi wanaweza kukuhesabia kana kwamba umelipwa.

Kinachoangaliwa hasa unapokaguliwa upya

Kuanza kujitolea si sababu ya kukunyang'anya PIP, na wala kuanza kazi si sababu. Ila siku ya kukaguliwa, mtathmini atakuuliza siku yako inakwendaje, na kile unachofanya dukani au msikitini kitakuwa ushahidi. Wengi huangukia hapa, na si kwa sababu wamedanganya. Hawakueleza vya kutosha, basi.

Tuchukue mfano. Katika tathmini ya uwezo wa kazi, kuna swali la kuweza kukaa au kusimama mahali pa kazi. Asiyeweza kuvumilia zaidi ya nusu saa anapata pointi 9. Asiyeweza zaidi ya saa moja, pointi 6. Na unahitaji jumla ya 15. Sasa mama mmoja ameandika kwenye fomu kwamba mgongo haumruhusu kukaa zaidi ya nusu saa. Halafu anasema, "Ndiyo, kila Jumanne niko dukani kuanzia saa nne hadi saa saba." Mtathmini ataandika: anaweza kukaa saa tatu. Hakuna atakayeandika kwamba duka limempa kiti chenye mto, kwamba kila dakika ishirini huinuka akaenda kulala chumba cha nyuma, kwamba binti yake humleta na kumchukua kwa gari, na kwamba Jumatano yote hashuki kitandani. Hakuna atakayeandika kwa sababu yeye mwenyewe hakusema.

Sheria ya PIP inakupa silaha hapa. Haisemi tu "anaweza" au "hawezi". Inataka uwe unaweza kufanya jambo kwa usalama, kwa kiwango kinachokubalika, kwa kurudia kadiri inavyohitajika, na kwa muda usiozidi mara mbili ya ule anaouchukua mtu asiye na ulemavu. Na huangaliwa hali inayokukuta zaidi ya nusu ya siku. Mtu anayepika pilau ya watu hamsini mara moja kwa mwezi akisaidiwa na wenzake sita hajathibitisha kwamba anaweza kujipikia kila jioni akiwa peke yake. Lakini akisema tu "huwa napika msikitini", amejimaliza.

Kwa hiyo andika. Siku gani unakwenda, unakaa muda gani, nani anakusaidia, unapumzika mara ngapi, umekosa siku ngapi kwa maumivu, na kesho yake unakuwaje. Mwombe msimamizi wa pale unapojitolea akuandikie barua fupi akitaja nafuu walizokupa. Barua ya "ni mtu mwema na mchapakazi", kama wengi wanavyopenda kuandikiwa, inakuumiza. Unachohitaji ni barua inayosema "hatumpi kazi ya kubeba, na akipata kizunguzungu tunampeleka nyumbani".

Halafu kuna hili la salamu zetu. Kiswahili hakituruhusu kuanza na ubaya. Ukiulizwa hujambo, utasema sijambo ingawa umebebwa. "Mzima?" "Mzima, alhamdulillahi." Sasa mtathmini anakuuliza kwa Kiingereza unaendeleaje, nawe kwa adabu unajibu kwamba unaendelea vizuri, na hilo linaweza kuingia kwenye ripoti. Omba mkalimani, ni bure, na umwombe mapema. Usimpeleke mtoto wako kukutafsiria: kuna mambo ya chooni na ya kuoga ambayo hutayasema mbele yake, na hayo yana pointi.

Anayemtunza mgonjwa

Nyumba nyingi husahau hili. Mke, mume au mtoto anayekutunza saa 35 au zaidi kwa wiki anaweza kuwa anapokea Carer's Allowance, pauni 83.30 kwa wiki. Yeye anaruhusiwa kupata mshahara usiozidi pauni 196 kwa wiki baada ya kodi na makato mengine yanayokubalika. Akipata 197, hapunguziwi pauni moja. Anapoteza zote 83.30 za wiki hiyo. Watunzaji wengi wameandamwa na madeni makubwa kwa kuvuka mstari huo kidogo kidogo kwa miaka bila kuambiwa. Posho hiyo tena imefungwa na posho yako: ukipoteza sehemu ya PIP ya maisha ya kila siku, naye anapoteza yake.

Machi 2025 serikali ya Uingereza iliahidi kuweka katika sheria kwamba mtu kuanza kazi, peke yake, kusiwe sababu ya kuitwa kukaguliwa upya. Kwa upande mwingine, sheria iliyopita mwaka huohuo inapunguza kwa karibu nusu nyongeza ya ugonjwa ya Universal Credit kwa wengi watakaoanza kuidai kuanzia Aprili 2026, huku wa zamani wakilindwa. Ndiyo maana aliye nayo tayari asiiachie kwa uzembe wa fomu iliyokaa mezani.

Ukikatwa na huridhiki, una mwezi mmoja kuanzia tarehe iliyoandikwa kwenye barua kuomba DWP wautazame upya uamuzi wao. Wakikataa, unakwenda kwenye baraza la rufaa, ambalo ni huru na halitozi ada. Kwa PIP, zaidi ya nusu ya kesi zinazosikilizwa na baraza hilo zimekuwa zikiamuliwa kwa upande wa mwombaji. Ofisi za Citizens Advice husaidia kuandaa rufaa bila malipo, na halmashauri nyingi zina washauri wa haki za mafao. Nenda na ile barua, bahasha yake ikiwemo, kwa sababu mhuri wa posta unaweza kuonyesha kama ilichelewa kukufikia.